Uzi wa Ukingoni mwa Sanda

Ilikuwa Jumanne, tarehe kumi na nne ya mwezi wa tatu, saa saba na dakika ishirini mchana, uzi ulipokataa kuisha.

Asiyeshona vitabu huenda asione ajabu yake, kwa hiyo ni vyema kueleza taratibu. Kitabu cha kushonwa kwa mkono huanza na karatasi zilizokunjwa katikati, nne nne, na kila fungu huitwa mkunjo. Sindano huingia mgongoni mwa mkunjo, hutoka, huingia tena, kisha hupanda kwenye mkunjo ulio juu yake. Mshonaji hukata uzi wa urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, si zaidi, maana uzi mrefu hujisokota ukafanya tata. Uzi wa kiasi hicho hutosha mikunjo minne, mitano ukiubania sana. Ukiisha, unaunga mwingine kwa fundo dogo, unaendelea. Sheria hiyo haijali kama wewe ni mwanafunzi au ni fundi wa miaka thelathini.

Msichana aliyekuwa akishona mchana ule alikuwa amefika mkunjo wa kumi na moja, na uzi aliouanza asubuhi bado ulining'inia kwenye sindano yake kwa urefu wa mikono miwili.

Kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga mlango wa uzazi wa mama yake. Alikuwa mwaka wa mwisho katika chuo cha sanaa, upande wa kazi za mikono, na alikuwa amejifunza kutia nguo rangi, kufuma, na kujalidi vitabu. Karakana yao ilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji iliyopasuka, mitambo miwili ya kufumia upande wa madirisha, na meza za kazi katikati. Palikuwa na sufuria ya gundi ya unga ambayo haikupata kuoshwa vizuri hata siku moja, na kopo kubwa la sindano mlangoni. Kila mtu alichukua sindano yake asubuhi na kuirudisha jioni.

"Shoga, hebu nikuulize," alisema mwenzake wa meza moja. Huyo walimwita Redio, maana akinyamaza watu walidhani betri zimekwisha. "Mimi nimeshaunga nyuzi mbili mpya. Wewe bado na huo huo mmoja. Uzi gani huo, unazaa?"

"Nimeukata mrefu kidogo."

"Mrefu kidogo mpaka wapi? Mpaka kwenu?"

Kitinda hakucheka. Alivuta sindano, uzi ukaja, na pamoja na uzi ikaja harufu nyembamba, baridi, iliyopita puani kama ncha ya kisu.

Redio aliinua kichwa. "Nani ameleta kafuri humu?"

Kitinda alijibu kwamba yeye hasikii kitu. Huo ulikuwa uongo, na ulikuwa wa pili, kwa sababu ule uzi hakuukata mahali popote.

Siku ishirini na tatu kabla ya hapo, mama yake alikuwa amefariki. Alikuwa mshonaji wa sare za wanafunzi, mwanamke mfupi mwenye kidole gumba kilichojaa alama za sindano, na mtoto wake alipopata nguvu ya kushika mkasi alimfundisha maneno ambayo aliyarudia kila siku kama mtu anavyorudia dua: "Uzi ukiisha, funga fundo, kata, shukuru." Alipoishona vibaya nguo ya mtu, aliifumua yote akaanza upya. Hakupenda mkia wa uzi unaoning'inia. Alisema ni mlango uliosahauliwa wazi.

Siku ya kumwosha, Kitinda alikuwa chumbani akishika ndoo. Aliyeosha alikuwa mama mtu mzima ambaye mtaa wote ulimwita Bibi Muosha. Alipofika kwenye sanda, hakuomba uzi wa dukani. Alishika ukingo wa sanda yenyewe, akachomoa nyuzi nne ndefu, moja moja, ili ashonee nguo ya marehemu kwa uzi uliotoka katika nguo ileile. Tatu zilitumika. Wa nne ulidondoka kwenye mkeka, karibu na mguu wa Kitinda.

Jicho la fundi halina adabu. Huona kazi hata msibani. Kitinda aliutazama uzi ule akaona ni pamba iliyosokotwa kwa kubana, nyembamba, ngumu, isiyo na nywele, uzi ambao ungeingia kwenye karatasi bila kuichana. Akaukanyaga kwa kidole cha mguu. Bibi Muosha alipogeuka kuchukua kafuri, uzi ulikuwa tayari uko mfukoni.

Hakuwaza mabaya. Alitaka kitu kimoja tu kilichomgusa mama yake mwisho. Alikusudia kushonea nao kitabu cha mtihani, mikunjo arobaini ya karatasi tupu, na jalada la kitambaa alichokifuma mwenyewe. Kitabu kilitakiwa Jumamosi.

Kuna hatua moja aliyoiruka. Unapoingia mkunjo wa pili, huwa unaufunga mkia wa uzi, ile ncha ya mwanzo uliyoiacha nje kiasi cha kidole. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza analijua hilo. Kitinda aliushika mkia, akautazama, na mkono ukagoma. Kuufunga kulikuwa kama kumaliza. Akajiambia ataufunga baadaye, akauacha wazi.

*

Jumatano mchana wenzake walikwenda kula. Mwalimu wao, mzee mkavu waliyemwita Mwalimu Gundi kwa sababu vidole vyake havikuwahi kuachana vizuri, alifunga madirisha ya upande wa jua kisha akatoka. Kitinda alibaki. Alikuwa mkunjo wa kumi na tisa.

Karakana ilipokuwa kimya ndipo aliposikia. Kila alipovuta sindano, chini kabisa, mbali, kitu kilifanya *krrr*, sauti ndogo ya kukwaruza. Alipoacha, nayo iliacha. Akavuta polepole, nayo ikaja polepole. Mtu mwingine angedhani ni panya. Lakini yeye alikuwa amekaa mwaka mzima kwenye mtambo wa kufumia, akifumua makosa yake mwenyewe, na sauti ile aliijua kama anavyojua kikohozi cha baba yake. Ni sauti ya uzi unaochomolewa kutoka kwenye kitambaa.

Akainama chini ya meza.

Ule mkia aliouacha kiasi cha kidole sasa ulikuwa umeshuka ukingoni mwa meza, ukateremka kando ya mguu wa meza, mweupe, umenyooka kama uliopimwa, ukafika sakafuni na kuingia kwenye ufa wa saruji. Midomo ya ufa ilikuwa na unyevu. Harufu ya kafuri ilitoka humo, na nyuma yake harufu ya udongo uliochimbwa asubuhi.

Aliugusa kwa kidole kimoja. Ulikuwa umekaza. Akauvuta kidogo, kwa adabu, kama mtu anayegonga mlango wa wakwe.

Uzi ukavutwa kutoka upande wa pili. Mara mbili.

"Kitinda," ufa ukasema.

Ilikuwa sauti ya mama yake. Haikuwa inayofanana nayo, ilikuwa ndiyo, pamoja na ule mkwaruzo wa kooni wa mtu anayeshikilia pini mdomoni anapozungumza.

"Mama?"

"Shona, mwanangu. Mbona umeacha? Nilikuwa nakuja."

"Unakuja wapi, Mama?"

"Kwako. Ukifika arobaini nitakuwa nimefika. Huoni uzi unavyonileta? Shona. Huku chini kuna baridi."

Basi nani angeacha? Hata mwenye akili zake timamu, hata aliyesoma na kuhifadhi, akiitwa na sauti ile katika mwezi wa kwanza wa msiba, angeshika sindano. Kitinda alishona mpaka mlango ulipofunguliwa na wenzake wakaingia na vicheko vyao, na machozi yalikuwa yamemlowesha kifua, naye alikuwa amefika mkunjo wa ishirini na sita.

*

Alhamisi asubuhi baba yake hakugusa chai. Alikuwa amekaa kwenye kiti cha marehemu, mbele ya cherehani iliyofunikwa shuka, akisugua magoti.

"Nimemwota mama yenu," alisema. "Usiku wa pili huu."

Dada mkubwa aliacha kufagia. "Amesema nini?"

"Alisimama hapo mlangoni. Hakuingia. Alikuwa amejikunyata, amejiziba kifua kwa mikono miwili, kama mtu aliyetoka bafuni akakuta nguo imechukuliwa. Nikamwambia, ingia, mke wangu, ni kwako hapa. Akatikisa kichwa." Mzee alirekebisha shuka juu ya cherehani. "Mama yenu, miaka thelathini na moja, hata mimi alinifunikia bega. Akaniambia, baba watoto, nisitirie aibu, nipe nguo."

Kitinda alikisukuma kikombe chake mbali.

"Tutatoa sadaka ya nguo," dada alisema. "Nguo zake mwenyewe, kwa wajane."

"Nimemwambia hivyo hivyo. Akasema, si hizo."

Kitinda aliinuka akachukua mfuko wake. Dada alimfuata mpaka kizingitini akamshika mkono kwa nguvu.

"Unakwenda wapi? Baba yuko katika hali hii, wewe unakwenda kucheza na makaratasi?"

"Nina mtihani."

"Una roho ngumu, wewe. Siku ile sote tunalia, nilikuona. Nilikuona ukiitazama sanda ya Mama kama mtu aliye dukani anachagua kitambaa. Hukudondosha chozi."

"Niachie, Dada."

"Nenda. Wafu wana haya kuliko wewe."

Njia nzima alitembea na maneno hayo, na njia nzima aliyaweka pamoja na ndoto ya baba, na ile sauti ya *krrr*, na mikunjo ishirini na sita, mikunjo ambayo kila mmoja ulikuwa umekula uzi kutoka mahali fulani. Alijua. Ukweli ni kwamba alikwisha kujua kabla hajafika langoni mwa chuo. Lakini kuna kujua, na kuna kukubali, na kati yake mtu anaweza kushona mikunjo mingi.

*

Saa saba na dakika ishirini, karakana ilipokuwa tupu, alishika sindano.

"Mama, Baba amekuota umejikunyata. Anasema huna nguo."

"Baba yako mzee, anaota ovyo tu. Shona."

"Huu uzi unatoka wapi?"

Sauti ikajibu kwa upole sana: "Unatoka kwangu. Ulitaka kutoka wapi? Ulinipenda au hukunipenda?"

Akashona. Ishirini na saba, ishirini na nane, na sindano ilianza kwenda mbele ya mkono wake, si mkono kuipeleka sindano tena bali sindano kuuvuta mkono, ikiingia kwenye matundu kabla hajayatafuta, ikitoka, ikipanda, na uzi ukipita kati ya vidole ukiwa na unyevu ambao haukuwa wa nta inayopakwa uzi, ukiacha kwenye ngozi yake vumbi jeusi la udongo, na kutoka kwenye ufa sauti ya kuchomolewa haikusita tena bali ilikwenda mfululizo kama mtu anayechana shuka refu kwa mikono miwili bila haraka, na alipofika thelathini na nne aliona midomo ya ufa ikitanuka na kurudi, ikitanuka na kurudi, kwa mwendo ule ule wa mtu anayepumua akiwa amekaribia kufika juu ya ngazi.

"Kitinda!"

Alikuwa Redio, amesimama mlangoni na chakula chake mkononi.

"Unaongea na nani? Mbona vidole vyako... Mungu wangu, huo uzi unatoka sakafuni!"

"Usiusogelee."

"Nisiusogelee nini, shoga, umekuwa mweupe kama karatasi zako. Toka hapo!" Redio alinyakua mkasi mezani, akapiga magoti, akaubana uzi kwenye meno ya mkasi.

Mkasi ulifanya *taa* ukavunjika pale penye skrubu. Uzi ukaruka kama uliopigwa, ukamzunguka Redio kiganjani mara mbili na kukaza, na ngozi ikafunguka. Damu iliteremka kwenye uzi mpaka ufani, na kule chini kitu kikafyonza.

"Mwondoe mbwa huyu," ufa ukasema. Na haikuwa sauti ya mama sasa, au ilikuwa sauti ya mama iliyovaliwa na mtu ambaye haimtoshi, imechanika kwenye mishono. Kisha ikarudi upesi, laini: "Usimsikilize, mwanangu. Ana wivu. Mamaye yu hai. Imebaki sita tu. Shona, lakini usifunge fundo. Neno moja nakuomba. Usifunge fundo."

Mkono wa Kitinda ulisimama hewani.

Alikumbuka kidole gumba chenye alama. Alikumbuka sare za bluu, mamia kwa mamia, na mdomo ukikata uzi kwa jino, na yale maneno, siku zote yale yale, hata hospitali, siku ya mwisho, mama yake alipokuwa akinyoosha vidole juu ya blanketi akishona nguo isiyoonekana: funga fundo, kata, shukuru.

"Wewe si mama yangu," alisema kwa kunong'ona.

Kule chini kitu kilicheka. Kilicheka kwa muda mrefu, bila kuvuta pumzi hata mara moja.

Uzi ulilegea kiganjani mwa Redio. Walikimbia wote wawili, wameshikana, wakaacha viatu.

*

Bibi Muosha walimkuta uani kwake akifua. Macho yake yalikuwa yameanza kufunikwa na mtoto wa jicho, kwa hiyo alizitambua nguo kwa vidole. Kitinda alimwamkia, akamwambia yote, kuanzia kidole cha mguu. Bibi hakuacha kufua mpaka neno la mwisho.

"Nilichomoa nne," alisema hatimaye. "Nikashonea tatu. Uliobaki huwa nauviringisha nauweka ndani, chini ya ubavu. Nilipapasa mkeka nikaukosa. Nikajiambia, macho yamekwisha, labda nilichomoa tatu." Akakamua nguo kwa hasira. "Nikaona haya kuuliza. Haya yangu na tamaa yako vimekutana, tazama vilichozaa."

"Bibi, ni Mama anayeumia?"

"Mama yako yuko kwa Mola wake, na hakuna jini mwenye ufunguo wa huko. Lakini sanda yake ni amana yetu, na amana ikiibiwa hata uzi, kuna wachafu wanaokaa makaburini wakingoja ncha ya kushika. Wewe umempa mmoja wao ncha moja, ukamwachia ya pili wazi. Anapanda juu kwa nguo ya marehemu. Akifika, hatakuwa mama yako. Atakuwa na wewe, kitandani kwako, maisha yako yote, na sauti hiyo."

Redio, mkono umefungwa kitambaa, alisema kwa sauti ndogo, "Tukichome kitabu, Bibi."

"Ukichoma njia aliyokwisha kuipita nusu, atabaki upande huu. We mtoto mbona una haraka? Nyumba yenu hamfungi mlango kwanza kabla ya kuwasha moto?" Akamgeukia Kitinda. "Kinafumuliwa. Tundu kwa tundu, kwa mkono ulioshona. Atakuita. Atalia. Hutamjibu hata neno moja. Ukimjibu, unaanza upya, na nguvu hizo huna."

*

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, Mwalimu Gundi aliwatoa wanafunzi wengine na kufunga mlango. Alikuwa ameuona ufa na mkasi, na hakuuliza mengi. Alisema tu, "Miaka thelathini nawaambia, fungeni mkia. Mnadhani nawasumbua." Kisha akasimama nyuma ya kiti cha Kitinda akamshikilia mabega.

Bibi Muosha aliketi chini kando ya ufa, akafungua msahafu asioweza kuusoma tena, akaweka kiganja juu yake, akaanza kusoma kwa moyo.

Kitinda alichomoa tundu la kwanza.

"Mwanangu," ufa ukasema.

La pili. La tatu. Uzi uliotoka aliusukuma kwa mkono wa kushoto ukashuka kando ya meza, na ufa ukaupokea kwa kusitasita.

"Kitinda, ni mimi. Umenisahau mara hii? Nani alikuwa akikusuka nywele? Ulipopata surua nililala sakafuni siku tisa. Nimefika hapa, naona mwanga, naona mkono wako. Nivute. Mara moja tu, nivute."

Thelathini, ishirini na tano, ishirini, na sauti ikabadilika ikawa kilio cha mwanamke anayesukumwa kwenye shimo, na meza ikatetemeka, na kwenye mtambo wa kufumia nyuzi zilizotandazwa zikaanza kukatika moja moja, *tang, tang*, bila mtu kuzigusa, na harufu ya kafuri ikageuka ikawa ya kitu ambacho kafuri huwekwa ili kisinuke, na Kitinda, machozi yakimziba macho, alipapasa matundu kwa kucha kama kipofu, akiuma ulimi ili usiseme, kwa sababu neno lililokuwa ulimini lilikuwa moja tu, Mama, na ndilo alilokatazwa.

"Mwizi!" Sauti sasa ilikuwa ya kiume, ya zamani, kavu. "Mwizi wa sanda! Umemvua mama yako kwa mkono wako, binti wa mshonaji! Nitawaambia wote. Nitamwambia baba yako kila usiku."

"Chomoa," Mwalimu Gundi alinong'ona. "Usiangalie. Chomoa."

Kumi. Sita. Tatu. Kiganja cha Bibi Muosha kilikuwa kimeganda juu ya msahafu na jasho linamdondoka kidevuni, na bado alisoma, amepoteza sauti, midomo tu ikienda.

Tundu la mwisho lilipoachia, mikononi mwa Kitinda ulibaki uzi wa urefu wa mikono miwili, mkavu, mweupe. Ule mwingine wote ulikuwa umerudi. Ncha yake ya pili ilikuwa bado imezama ufani, imekaza, na kitu kilikuwa kinaivuta taratibu.

"Funga," alisema Bibi Muosha.

Kitinda aliinama mpaka uso ukagusa sakafu baridi. Akaushika uzi pale unapoingia kwenye saruji, akapitisha, akazungusha, akakaza. Fundo dogo, kama chembe ya mtama. Kisha akaukata kwa jino, kama alivyokuwa akifanya mama yake. Akafumba macho. Neno la tatu la mama yake ndilo lililokuwa gumu kuliko yote, na alilisema kwa sauti.

"Nashukuru, Mola wangu. Kwa miaka yote uliyonipa naye. Nashukuru."

Ufa ulitoa pumzi moja ndefu, kisha ukawa ufa tu wa sakafu ambayo chuo kiliahidi kuikarabati tangu mwaka juzi.

Alasiri ile walikwenda makaburini, Kitinda na dada yake, ambaye alikuwa ameambiwa yote na hakusema neno zaidi ya kumshika mkono. Uzi uliobaki waliuviringisha, wakachimba kwa vidole upande wa ubavu, wakaufukia. Siku ya pili baba alikunywa chai yake.

"Nimemwona," alisema. "Alikuwa amevaa. Alinipa mgongo, anakwenda zake. Hata hakuniaga, mama huyu." Akacheka, mara ya kwanza, huku akipangusa macho.

Kitabu cha mtihani Kitinda alikishona upya usiku wa Ijumaa kucha kwa uzi wa chuo, ule wa kawaida, wenye nywele. Kwenye mkunjo wa nne uzi ukamwishia. Alikaa akiitazama ncha ile fupi iliyobaki kwenye sindano, akalia kilio ambacho hakukilia siku ya mazishi, mpaka Redio akamwambia, "Shoga, uzi si umeisha tu?" naye akajibu, "Ndiyo. Umeisha." Mwalimu Gundi alikipokea kitabu Jumamosi, akakigeuza, akatafuta mkia, akaukuta umefungwa. Alimpa alama anayostahili, si zaidi.

Limebaki jambo moja, ambalo halikukumbukwa mpaka wiki ilipopita. Ile sindano, ambayo Kitinda hakuitoa kwenye uzi ule tangu Jumanne, siku ya Alhamisi mtu aliyekuwa akipanga vitu aliichomoa na kuirudisha kwenye kopo la mlangoni. Humo zimo sindano zaidi ya arobaini, zote za aina moja. Wanafunzi huchukua asubuhi na kurudisha jioni. Kitinda akipita, huliinamia kopo na kunusa, na siku nyingine hurudi nyuma upesi.

Ewe Mola, msitiri mama yule kama alivyowasitiri watoto wa watu kwa nguo alizozishona. Ipanue nafasi yake, iwashe taa yake, na jirani mwovu umweke mbali na ubavu wake. Wasamehe waliowachomolea wafu wao uzi kwa mapenzi yasiyo na adabu. Na kila mpendwa wetu uliyemfikisha ncha ya mwisho, umfungie fundo kwa rehema yako, nasi utupe moyo wa kushukuru. Amina.